Kuvunja au Kupangua

Kitabu cha kwanza nilichokitafsiri peke yangu, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kilikuwa cha binti wa Kiestonia aitwaye Hedi Pärnoja. Kwake pia kilikuwa cha kwanza. Mama Zdenka, mhariri wa shirika dogo la uchapishaji hapa kwetu Maribor, alikuwa ameanzisha mfululizo wa vitabu vya waandishi wachanga wa Ulaya, wale ambao hata kwao bado watu hukosea majina yao, na alihitaji mtu anayejua Kiestonia. Katika Slovenia nzima watu wa namna hiyo hatujazi meza moja ya mkahawa. Mimi nilisoma Tartu, huko Estonia, miaka miwili, nikarudi na lugha pamoja na tabia ya kula samaki wa chumvi asubuhi. Kazi ikawa yangu.

Kitabu kinasimuliwa na mtoto wa miaka saba, katika nyumba ya mbao karibu na mji wa Võru. Baba yake ni fundi wa majiko ya matofali, yale makubwa yanayojengwa katikati ya nyumba na kuipasha joto majira yote ya baridi. Ni mtu asiyesema. Siku moja ya Januari, theluji imefika madirishani, baba huyo analibomoa jiko la nyumba yake mwenyewe na haelezi kwa nini. Mama anamfunga mtoto skafu mbili, wanakwenda kwa mama mdogo Tartu, na hawarudi tena. Mtoto anakua akiamini kwamba walifukuzwa kwa baridi. Hedi hakuficha kwamba hayo ni maisha yake. Aliyasema kwenye magazeti ya kwao.

Sasa, tabu yangu ilikuwa maneno ya majiko. Kamusi haikunisaidia. Kwenye mkataba palikuwa na anwani ya barua pepe ya mwandishi, nikaandika: "Mpendwa mwandishi, mimi ni Neža Korošak, mtafsiri wako. Naomba nikuulize mambo machache." Jibu lilikuja baada ya siku mbili, mistari mitatu tu. "Kifuniko cha bomba la moshi hakifungwi mpaka makaa yawe meusi. Ukurasa wa thelathini na moja umekosewa. Pärnoja."

Nilishangaa kidogo mwandishi kusema ukurasa wake mwenyewe umekosewa, nikahesabu ni unyenyekevu. Nikauliza tena, akajibu tena. Mwaka mzima tuliandikiana hivyo. Barua zake zilikuwa kavu kama kuni, bila salamu, lakini kila neno lilinyooka. Alinieleza namna moshi unavyozunguka mara tano ndani ya jiko kabla ya kutoka nje, na kwa nini udongo wa kukandikia huchanganywa na mchanga wa mtoni. Nilimwambia mume wangu, "Binti huyu ana miaka ishirini na tisa tu, lakini anaandika kama mzee wa karakana."

Ndipo nikafika sura ya tisa. Kiestonia kina kitenzi kimoja alichokitumia Hedi pale baba anapolibomoa jiko, nacho kinabeba mambo mawili. Sisi kwa Kislovenia lazima tuchague. Lipo neno lenye hasira ndani yake, la mtu aliyeshika nyundo, ndiyo kusema kuvunja. Lipo na la fundi, la kuondoa tofali moja baada ya jingine, ndiyo kusema kupangua. Nikauliza: ni lipi?

Jibu halikuja kwa wiki tatu. Lilipokuja, lilikuwa refu kuliko yote.

"Lilipanguliwa. Tofali moja moja, na kila tofali likapanguswa. Nyuma ya jiko, upande wa kitanda cha mtoto, palikuwa na ufa usiozidi unene wa kisu. Hewa ya sumu ya makaa ilikuwa ikipita hapo. Mtoto aliamka asubuhi mbili akitapika na kulalamika kichwa. Mama alidhani ni mafua. Aliyelijenga jiko lile ni huyohuyo aliyelipangua. Fundi hawezi kumwambia mkewe kwamba jiko alilolijenga kwa mikono yake lilitaka kumuua mtoto. Kwa hiyo halikusemwa. Pärnoja."

Nililia mezani pangu, sioni haya kusema. Nikarudi kwenye kitabu, nikatafuta ufa huo kila sura. Haukuwamo. Nikaandika: "Je, niweke sentensi mbili kuhusu ufa? Wasomaji wa huku hawana majiko kama yenu, hawatakisia." Akajibu maneno matatu. "Weka. Ni kweli."

Nikaweka. Mama Zdenka aliuliza kama nina ruhusa ya mwandishi kwa maandishi, nikamwonyesha, akasema vizuri. Kitabu kikatoka Septemba, na gazeti moja la Ljubljana likaandika kwamba sura ya tisa ndiyo moyo wake.

Oktoba tukamwalika Hedi kwenye tamasha letu dogo la vitabu. Mipango ya safari aliifanya Mama Zdenka na ofisi ya kwao ya fasihi, mimi sikuhusika. Ndege yake ilichelewa Vienna, nikampokea stesheni ya treni ikiwa imebaki saa moja tu hafla ianze. Nilitegemea mtu mkavu. Akashuka msichana mrefu mwenye kofia ya manjano, anacheka, anaongea kabla hajanifikia.

"Dada Neža, nina njaa ya kula hata tiketi," akasema.

Nilimpeleka kunywa supu ya maboga karibu na ukumbi. Akaongea kuhusu ndege, kuhusu paka wake, kuhusu jirani yake anayejifunza tarumbeta. Mimi nikawa namtazama tu, namtafuta yule wa barua, simwoni.

"Barua zako zilinisaidia sana," nikamwambia.

"Si kitu," akajibu, na kuendelea na supu. Baadaye alinieleza kwamba alidhani nasema zile barua mbili alizoandikiana na Mama Zdenka kuhusu tiketi.

Ukumbi ulijaa, watu kama sitini hivi. Hedi alisoma kwa Kiestonia, mimi nikasoma kwa Kislovenia, na maswali nikayatafsiri huku na huku. Yote yakaenda sawa mpaka aliposimama bibi mmoja wa safu ya pili, mwenye koti la kijani.

"Mwanangu," akamwambia Hedi, "mimi nina miaka sabini na sita. Nimekisoma kitabu chako mara mbili. Nataka kujua jambo moja. Kwa nini yule baba hakumwambia mkewe kuhusu ufa?"

Nikatafsiri. Hedi akanitazama.

"Kuhusu nini?"

"Ufa," nikasema.

"Ufa gani?"

Nilidhani matamshi yangu yamekwenda upande. Nikatumia neno jingine. Mpasuko. Mwanya. Nikaonyesha hata kwa vidole, unene wa kisu. Watu wa mbele wakaanza kutabasamu wakifikiri ni mzaha wetu.

"Dada," Hedi akasema polepole kwa Kiestonia, huku bado anatabasamu kwa ajili ya ukumbi, "sielewi anachouliza. Kwenye kitabu changu hakuna ufa."

Nilisimama pale na kipaza sauti mkononi. Nilihisi kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta sebule ya watu wengine. Bibi wa koti la kijani alikuwa akisubiri. Nikasema kwa Kislovenia jambo ambalo Hedi hakulisema: "Mwandishi anasema angependa swali hilo libaki kwa msomaji." Wakapiga makofi. Bibi akaketi, hakuridhika, nilimwona.

Hafla ilipokwisha nilimvuta Hedi kwenye chumba cha nyuma walikoweka viti vibovu. Mama Zdenka akatufuata na sahani ya keki.

"Kuna nini kwenye kitabu changu?" Hedi akauliza.

Nikafungua sura ya tisa, nikamrudishia kwa Kiestonia, neno kwa neno. Nilipofika kwenye zile sentensi mbili akanishika mkono nisiendelee.

"Umetunga," akasema.

"Sijatunga. Uliniandikia wewe."

"Mimi sijawahi kukuandikia hata salamu. Nilijiuliza, huyu mtafsiri wangu ni mtu gani asiyeuliza swali hata moja. Wenzangu wote watafsiri wao huwasumbua mpaka wanajificha."

"Nimekuuliza mwaka mzima. Hedi, usinitanie."

"Nani anatania hapa?"

Mama Zdenka, ambaye nilikuwa nikimnong'onezea tafsiri, akaweka sahani juu ya kiti. "Wanangu, hebu mmoja aonyeshe kitu. Maneno tu hayatutoi humu."

Nikatoa simu, nikafungua zile barua, nikampa. Hedi akasoma ya kwanza akiwa amesimama. Ya pili akaketi. Akasogeza kwa kidole juu, chini, tena juu. Mimi nilikuwa nikitafuta usoni mwake niambiwe nimefanya kosa gani, kwa sababu mwenyewe sikulijua bado.

"Hii barua pepe ni ya nyumbani kwa baba," akasema mwishowe. "Ya kazi yake ya majiko. Niliposaini na mchapishaji wangu nilikuwa nimekaa kwake mwezi mmoja, sina chumba mjini, nikaandika hiyo. Halafu nikasahau." Akanirudishia simu. "Huyu ni baba."

"Baba yako?"

"Arvo Pärnoja. Anasaini kwa jina la ukoo, hata kwenye kadi yangu ya kuzaliwa."

Nilitamani kuketi lakini kiti kilichobaki kilikuwa na miguu mitatu. Kiestonia hakina namna ya kuonyesha kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke. Ningekuwa natafsiri kutoka Kirusi au Kicheki ningegundua siku ya kwanza. Na yeye hakuwahi kusema "mimi". Alisema fundi, alisema mtoto, alisema lilipanguliwa.

"Hata hapa hakuandika 'mimi'," Hedi akasema, kama amesikia nilichokuwa nawaza. "Kwangu huniandikia theluji imeanguka. Theluji imeyeyuka. Miaka ishirini na miwili. Na wewe, mtu asiyekujua, anakuandikia ukurasa mzima."

"Alidhani..." nikaanza, nikaacha. Sikujua alidhani nini.

Hedi akampigia baba yake pale pale, akaweka sauti wazi, simu ikiwa juu ya kiti kati ya keki na koti lake. Sijui kwa nini alitaka tusikie. Simu iliita muda mrefu.

"Naam," sauti ikasema.

"Baba, ni mimi. Niko Slovenia."

"Kuna baridi?"

"Hakuna. Baba, ulimwandikia mtafsiri wangu?"

"Aliuliza kuhusu majiko. Nikamjibu kuhusu majiko."

"Alidhani wewe ni mimi."

Nilisikia mlango wa chuma ukifungwa huko kwake, nadhani ni wa jiko. "Alianza barua kwa 'mpendwa mwandishi'," akasema. "Nilidhani ni adabu ya kwao."

Nilipomnong'onezea hayo, Mama Zdenka akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Hedi hakucheka.

"Na ufa, baba?"

"Ufa ulikuwepo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliandika kitabu." Halafu, bila ukali wowote: "Nimekisoma mara tatu. Ni kitabu kizuri. Ukurasa wa thelathini na moja tu."

"Baba, mama alijua?"

"Supu yangu inaungua, Hedi," akasema, na simu ikakatika.

Tulibaki pale watatu. Mimi nilitegemea Hedi atalia au atanitukana, na lolote kati ya hayo lingenipa pa kushika. Alianza kula keki. Akala vipande viwili, polepole, halafu akampigia mama yake. Hiyo hakuweka sauti wazi. Alizungumza akitazama dirishani, sikusikia ila upande wake. "Nilikuwa natapika?... Mafua, ndiyo, najua ulisema mafua... Lakini wewe uliumwa kichwa?... Hapana, mama, simtetei. Nakuuliza tu." Akarudi.

"Anasema hakukuwa na ufa. Anasema baba alikuwa na hasira wiki nzima, na kwamba jiko lilivunjwa kwa nyundo, aliisikia nyundo. Lakini nyundo hutumika pia kupangua, sivyo? Unagonga udongo wa katikati ya matofali."

"Hugongwa taratibu," nikasema. Nilikuwa nimelijua hilo kutoka kwa baba yake.

"Basi angalia," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa kitandani. Nikifikiri sana, nakumbuka kichwa kinauma. Nikifikiri zaidi, nakumbuka sikumbuki. Huenda alikaa miaka yote hii akitafuta sababu nzuri, mpaka ikaja. Huenda ni kweli tupu, na mimi nimezunguka nchi nzima nikisoma mbele ya watu kwamba baba yangu alitufukuza. Wewe ulichagua neno lipi mwenyewe, kabla hujaandikiwa?"

"Kuvunja," nikasema.

"Ndiyo. Hata mimi nilimaanisha kuvunja."

Asubuhi nilimsindikiza stesheni. Hakunikasirikia, lakini hakuniita dada tena. Aliniuliza kama mtafsiri anaruhusiwa kuongeza sentensi. Nikamwambia akiruhusiwa na mwandishi, ndiyo. "Basi uliruhusiwa na nani?" akauliza, akanigusa bega, akapanda.

Mama Zdenka alikuwa na shida yake. Nakala za kwanza zilikuwa zikiisha, mtambo ulikuwa unasubiri neno letu, na yeye hakujua achape kipi. "Nimefanya kazi hii miaka thelathini," akaniambia. "Nimeona watafsiri wanaopunguza kwa uvivu, wanaoongeza kwa majivuno. Hili lako silijui pa kuliweka. Hukukosea popote na kitabu kimekosewa." Nilimwandikia Hedi mara mbili, nikimwomba aamue. Hakujibu. Ilibidi nikiri kwamba nilikuwa naogopa atasema toa, na vilevile naogopa atasema acha. Kama ni acha, basi kitabu nilichokitia jina langu kimeandikwa na watu wawili wasiozungumza. Kama ni toa, nitakuwa namnyang'anya mzee yule kitu pekee alichowahi kusema.

Februari Hedi akaniandikia. Alikuwa amekwenda Võru, amekaa kwa baba yake siku nne. Alisema siku tatu za kwanza walizungumza mambo ya kuni. Siku ya nne alimwuliza kuhusu ufa, ana kwa ana, na baba akachukua penseli ya useremala, akachora jiko lote kwa nyuma juu ya ubao wa kukatia mkate. Hedi aliupiga picha akanitumia. Niliikuza picha hiyo mpaka ikawa nukta tupu. Matofali yamechorwa sawasawa, safu kwa safu, unaona ni kazi ya fundi. Upande wa kulia kuna mstari mwembamba unaopanda. Lakini ubao ule umekatiwa mkate miaka mingi, una mikwaruzo ya kisu kila mahali.

"Je, unauona ufa," Hedi aliuliza, "au ni kisu cha mkate? Nilimwuliza, akasema hapo. Akaweka kidole. Kidole chake ni kinene, kinafunika mistari mitatu."

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Jioni ile akanipigia. "Toa sentensi mbili," akasema. "Sikuziandika mimi, na ufa sikuuona. Siwezi kumsemea mtoto alichokuwa hakioni. Lakini lile neno liache. Kupangua."

"Umesema ulimaanisha kuvunja."

"Nilimaanisha. Kiestonia kinaniruhusu yote mawili na sitakigusa. Huko kwenu, maadamu lazima mtu achague, liwe hilo."

"Una hakika?"

"Hapana," akasema. "Ukiniuliza kesho nitakwambia lingine, kwa hiyo peleka leo."

Nikapeleka. Toleo la pili likatoka mwisho wa Machi. Nilimtumia Hedi nakala tano, na moja nikaituma Võru, kama nilivyokuwa nimetuma ya toleo la kwanza, kwa anwani ya posta ya mkataba ule, kabla sijajua naituma kwa nani. Hajui hata neno moja la Kislovenia yule mzee. Baada ya wiki mbili barua ikaja, bila salamu.

"Ukurasa wa mia moja arobaini na tatu. Nimehesabu. Mistari imepungua. Amekwambia utoe? Pärnoja."

Nilikaa nayo asubuhi nzima. Nikaandika kwamba ndiyo, Hedi ameomba nitoe, lakini neno la kupangua limebaki, na kwa lugha yetu neno hilo ni la fundi, halina hasira hata kidogo. Nikamweleza liko mstari wa saba kutoka juu, neno la nne, ili alione.

Siku ya kwanza hakujibu, wala ya pili. Ya nne ikaja.

"Nimeliona. Ni kitabu chake."

Nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma husikia sauti tofauti. Safari nyingine ni mtu aliyeridhika, safari nyingine ni mtu aliyefungiwa mlango. Hedi naye aliniuliza baba amesemaje, nikamsomea kama ilivyo. Akaniuliza kama ningeitafsiri hiyo kwa Kislovenia ningechagua maneno gani. Nikamwambia nisingeigusa.